Lita Kumi na Tatu za Baba Mdogo

4 Februari

Mwanangu Spana,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kabla hujafungua bahasha hii. Sisi huku wazima. Mama Mdogo wako amepata tenda ya kushona sare za shule, nyumba nzima imejaa vitambaa vya buluu, na juzi nimekuta kifungo ndani ya kikombe changu cha chai. Mimi mzima, tena mzima kabisa, chuma. Nimejaribu kukupigia mara tatu nikakumbuka kwamba kambi yenu haina mtandao. Yaani watu wanajenga barabara ya kila mtu, halafu wenyewe hawafikiki! Haya, tuandikiane kama watu wa zamani.

Nina shida. Hili gari langu la kusambazia mikate limegeuka mlevi. Njia yangu unaijua, maduka kumi na manane, kilomita mia na kumi na nane kwenda na kurudi. Kiwanda kinatupa lita kumi kwa siku, na miaka yote zilinitosha, nyingine zikabaki. Tangu mwaka jana katikati linakunywa kumi na tatu. Hizo tatu natia mwenyewe. Sasa meneja ametutangazia kwamba ikifika mwisho wa Mei, atakayekuwa anazidisha lita kumi njia yake anapewa mwingine. Miaka kumi na moja, Spana, sijachelewesha mkate hata siku moja, leo nitolewe kwa sababu ya mafuta!

Fundi wa hapa mtaani kalizunguka mara mbili mikono nyuma, akasema uza. Nikamwambia amuuze mama yake. Hapana, sikumwambia hivyo, lakini niliwaza. Wewe ndiye fundi wa ukoo huu, unafufua matingatinga huko, hiki kigari hakiwezi kukushinda. Niambie nianzie wapi.

Baba Mdogo wako


19 Februari

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo, kama ulivyotabiri. Barua yako imekaa siku tisa kwenye lori la vyakula kwa sababu dereva aliiweka chini ya magunia ya vitunguu, kwa hiyo nimeisoma huku machozi yananitoka, usifikiri ni huruma. Mimi mzima. Kazi ngumu, vumbi ndiyo chakula chetu, lakini mwezi uliopita wamenipandisha, sasa karakana nzima iko chini yangu. Wanaume kumi na wawili, na wote wanajua nikiinua nyusi maana yake nini. Mpe Mama Mdogo pole ya vifungo.

Sasa tushike kazi. Kwanza, usiamini mshale wa mafuta. Mshale wa gari lako ni mwongo tangu nikiwa mwanafunzi. Kila siku ukimaliza njia nenda kituo kilekile, pampu ileile, ujaze mpaka pampu ijizime yenyewe, na usimwachie muuzaji aongeze kidogo. Andika kilomita, andika lita. Pili, upepo wa matairi, upime asubuhi kabla gari halijatembea, si mchana likiwa limechemka. Tatu, toa chujio la hewa ulishike juani. Usipoona mwanga upande wa pili, injini inapumua kwa kitambaa, nunua jipya. Nne, fungua buti la gari utoe kila kitu. Nakujua! Tano, nunua daftari, chora safu nne: tarehe, kilomita, lita, maoni. Safu ya maoni usiiache wazi. Mvua ilinyesha, andika. Ulikaa foleni, andika.

Sita si la gari. Mwezi huu ni miaka mitatu tangu baba atutoke. Unakumbuka alivyoanza kwa kuvuta mguu wa kushoto, akawa anatuambia amelalia vibaya. Miezi sita alituambia amelalia vibaya, na tulipomfikisha hospitali ugonjwa ulikuwa umeshapanda hadi kifuani. Wewe ni mdogo wake wa tumbo moja. Kwa hiyo nauliza wazi: miguu yako vipi?

Mwanao, Spana


11 Machi

Mwanangu Spana,

Hongera! Nimemsomea Mama Mdogo ile habari ya wanaume kumi na wawili, akasimamisha cherehani, akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Nikamwambia haolewi mtu, Spana amekuwa bosi. Akasema hiyo ni bora zaidi.

Umeniuliza mambo yako, nimefanya yote. Upepo ulikuwa umepungua magurudumu yote manne, na la nyuma kulia lilikuwa linasikitisha. Chujio nililishika juani sikuona jua wala mbingu, nimenunua jipya. Buti, usicheke. Nimetoa jeki mbili, mnyororo, nusu mfuko wa saruji, betri iliyokufa, kiti cha plastiki na pasi ya mkaa ya Mama Mdogo ambayo ameitafuta mwaka mzima na kumshuku shemeji yake. Nimepima kwenye mizani ya kiwandani, kilo hamsini na sita. Meneja akaniuliza kama nahama.

Daftari nimenunua, lenye jalada gumu. Wiki ya kwanza lita kumi na tatu, wiki ya pili kumi na mbili na robo. Limeshuka, lakini bado halijafika. Injini nayo inapiga kelele juu juu, kama mtu anayegombana peke yake. Nini kingine?

Mvua zimeanza huku. Bati la jikoni nimepanga kulirekebisha, sijapata nafasi ya kupanda.

Baba Mdogo wako


24 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Safari hii barua imekuja na unga, angalau sijalia.

Kutoka kumi na tatu hadi kumi na mbili na robo si haba, na hiyo ni kwa upepo, chujio na kuacha kubeba nyumba. Sasa fuata haya. Inua gurudumu moja moja kwa jeki, mojawapo ya zile mbili, ulizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika na gari linavuta mzigo siku nzima bure. Chomoa plagi zote, ziwe na rangi ya kahawia kavu. Zikiwa nyeusi na masizi, mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, na hapo kabureta inataka kusafishwa na kurekebishwa. Nimekuchorea ukurasa wa pili skrubu ya kugusa ni ipi na uizungushe kiasi gani. Robo robo, Baba Mdogo! Si kwa hasira.

Niliuliza mambo sita. Umejibu matano. Mimi nasoma madaftari ya mashine siku nzima, mstari uliorukwa ndio ninaouona kwanza. Na wewe mtu wa kupanda juu ya bati ukiimba, leo hujapata nafasi?

Najua unaona nakuchunga kama mtoto. Vumilia. Nijibu la sita.

Mwanao, Spana


16 Aprili

Mwanangu Spana,

Sisi wazima. Sare zimekwisha, sasa Mama Mdogo ana mapazia ya hoteli, nyumba imekuwa ya maua makubwa kama sahani.

Breki za mbele kushoto zilikuwa zinashika, umepatia. Nimesafisha, gurudumu linazunguka lenyewe. Plagi mbili zilikuwa nyeusi, nimeweka mpya, kabureta nimeirekebisha robo robo na sikukasirika ila mara moja. Nakunakilia daftari la wiki iliyopita uone mwenyewe:

Jumatatu, kilomita 118, lita 11.4. Maoni: jua kali.
Jumanne, kilomita 118, lita 11.6. Maoni: foleni darajani.
Jumatano, kilomita 118, lita 8.5. Maoni: aliendesha Tani Kumi, nilikuwa na shughuli.
Alhamisi, kilomita 118, lita 11.5. Maoni: kawaida.
Ijumaa, kilomita 118, lita 11.4. Maoni: kawaida.

Tani Kumi ni yule jirani dereva wa lori, mwenye mapaja kama magogo. Siku hiyo ya Jumatano nadhani pampu ilikosea. Zimebaki wiki sita, na mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Kama hakuna la kufanya, niambie tu, mimi mtu mzima.

Baba Mdogo wako

*Karatasi ndogo, kwa penseli, imekunjwa ndani ya bahasha hiyohiyo:*

Mwanangu, nimetumwa posta na barua hii, nimeifungua kwa mvuke wa birika na wala siombi radhi. Jumatano hakuwa na shughuli yoyote. Alikaa kwenye kigoda changu cha kushonea, mguu wa kushoto juu ya kiti, anaukandakanda. Ngazi za kiwandani anapanda kwa kushika ukuta. Dawa ya kuchua anaipaka chooni akidhani mimi sina pua. Nikimuuliza ananiambia, "Nimelalia vibaya." Maneno yaleyale ya baba yako, mwanangu, na sauti ileile. Mimi moyo wangu uko juujuu, nashona pazia nalifumua. Wewe anakusikiliza. Usimwambie kama nimekuandikia. Mama Mdogo wako.


27 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Leo sina habari za kambi. Gari lako haliumwi.

Pampu haikukosea. Tani Kumi kapita njia ileile, kabeba mikate ileile, katumia lita nane na nusu. Ukiendesha wewe zinakuwa kumi na moja na nusu. Matairi ni yaleyale na plagi ni zilezile, kilichobadilika ni dereva. Umeniandikia mwenyewe kwamba injini inapiga kelele juu juu. Injini hupiga kelele hivyo ikiwa gia ni ndogo kuliko mwendo. Wewe unaingiza gia ya tatu ukitoka mjini, unabaki nayo mpaka duka la mwisho, barabara nyeupe mbele yako, hutaki kwenda ya nne wala ya tano. Mtu aliyenifundisha mimi kubadilisha gia bila abiria kushtuka! Kwa nini? Kwa sababu kubadilisha gia kunataka klachi, na klachi inataka mguu wa kushoto.

Hakuna aliyeniambia. Limeniambia daftari lako.

Sasa usinizungushe tena. Nimezungushwa na baba yangu miezi sita, nikakubali kwa kuwa nilikuwa naogopa kuliko yeye. Safari hii sikubali. Ukipata barua hii usiende kazini siku inayofuata, nenda hospitali, umchukue na Mama Mdogo, na umwambie daktari yote: lini ulianza, unauma wapi, na kaka yako alikufa na nini. Njia ya mikate ikienda iende. Gari likiuzwa liuzwe. Mimi nimebakiwa na baba mmoja.

Nimekasirika. Nakupenda. Nijibu upesi, nitalipia hata pikipiki ilete barua.

Mwanao, Spana


20 Mei

Mwanangu Spana, mwanangu kweli,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Mimi mzima. Safari hii ni neno la daktari, si langu.

Barua yako niliisomea ndani ya gari nje ya posta, mara tatu. Sikuweza kuwasha gari. Spana, nilikuwa naogopa. Tangu mwaka jana ule mguu ulipoanza kuniuma gotini, nikajua ni zamu yangu. Nilijiambia nikinyamaza utanyamaza na wenyewe. Kila nikifika mahali pa kubadilisha gia naona uso wa kaka. Ile Jumatano nilimpa Tani Kumi gari na orodha ya maduka ili nione kama ataimudu njia, nikianguka atakayeirithi awe mtu wa kwetu. Nilishaandika hata spana zangu nani achukue. Wewe, bila shaka. Mama Mdogo wako nilikuwa nimemwandikia barua ya kurasa nne, nimeichana jana.

Na usidhani sijui kuhusu ile bahasha. Ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya nguo, imenata mpaka kwenye vidole vya mtu wa posta. Nimemsamehe Mama Mdogo, naye amesema hakuomba msamaha.

Tukaenda hospitali. Daktari ni binti, pengine rika lako, mpole lakini hapitwi na kitu. Nikamweleza yote, na habari za kaka, sauti ikanikatika njiani, Mama Mdogo akamalizia. Akanilaza, akanigonga gotini kwa kinyundo, mguu ukaruka ukataka kumpiga. Akanichoma nyayo kwa pini, nikasema aah. Akanitembeza kwa visigino, kwa vidole, macho nimefumba. Akanipima damu, tukangoja majibu kwenye benchi saa mbili nzima, Mama Mdogo kanishika mkono utadhani nitakimbia. Tukaitwa. Binti akasema, "Mzee, ugonjwa wa kaka yako hapa haupo. Mishipa yako ya fahamu ni mizima kabisa. Hili ni kano la gotini limechoshwa. Mguu huu unaufanyisha kazi gani kutwa?" Nikamwambia naendesha gari tu. Akasema, "Klachi ya gari lako ikoje?" Nikamjibu, kwa kiburi changu, ya kawaida.

Mama Mdogo akasimama. Akasema, "Nipe funguo." Mtu amekanyaga cherehani miaka thelathini, miguu yake inashinda ya kwangu na yako ukijumlisha. Tukamfuata mpaka maegeshoni. Akakaa kwenye usukani, akakanyaga klachi. Haikwenda. Akashika usukani kwa mikono miwili, akajisukuma, ikashuka nusu, akapiga ukelele, "Nani kaweka gunia humu chini?" Wagonjwa wakageuka. Basi daktari naye akatoka na koti lake jeupe, akamwambia asogee, akakaa, akakanyaga. Akanigeukia, akauliza, "Mzee, hii unaikanyaga mara ngapi kwa siku?" Maduka kumi na manane, taa, foleni, nikasema labda mia tatu. Akasema, "Basi goti lako ni jasiri, mimi ningekuwa nimelazwa."

Nikakaa kwenye ukingo wa maegesho nikalia, mwanangu. Nililia kwa sauti, mbele za watu, na sikuona haya hata chembe.

Kumbe waya wa klachi! Fundi aliuchomoa mchana uleule, ndani ya mrija unaoufunika umejaa kutu, nyuzi zimekatika zimechanua kama ufagio uliokwisha. Ulianza kukaza kidogo kidogo, na kwa kuwa hakuna mwingine anayeliendesha mimi sikujua, kila wiki naongeza nguvu bila kujua naongeza. Na Tani Kumi nimemuuliza, wewe hukuona klachi nzito? Akasema, "Nzito? Mimi nilidhani haipo." Waya mpya ulipoingia nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka sakafuni, nikapiga kelele nikidhani nimevunja kitu.

Goti limepoa sana, dawa ya siku kumi na kulala nimeliinua. Gia ya tano tumerudiana. Wiki hii yote lita nane na robo, nane na robo, nane na nusu, nane na robo, nane. Meneja kaangalia daftari langu, kaomba anakili zile safu nne awape madereva wengine. Njia ni yangu. Bati la jikoni nimelipanda jana, Mama Mdogo chini ananitukana nishuke.

Nisamehe kwa lile la sita.

Baba Mdogo wako


2 Juni

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo!

Barua imefika jana saa nne asubuhi. Nilikuwa chini ya tingatinga, mikono imejaa grisi, nikamwambia mmoja wa wale kumi na wawili anifungulie anishikie nisome. Nilipofika pale pa daktari kukanyaga klachi nikaanza kucheka, na kucheka kukageuka kitu kingine, yule kijana maskini akadhani kuna msiba. Nikamwambia hakuna msiba. Hakuna msiba! Nikawapa wote mapumziko ya nusu saa, hawajui kwa nini, na hawakuuliza mara mbili.

Nisamehe na mimi. Fundi mkuu mzima, nimekuuliza upepo, chujio, plagi, kabureta, breki mpaka pasi ya Mama Mdogo, lakini klachi sikuigusa, eti kwa kuwa klachi hainywi mafuta. Halafu nilipojua ni mguu, nikakimbilia palepale ulipokimbilia wewe. Tumemwona baba sote wawili, hatukuiona pedali. Huku nimeandika kwenye ubao wa karakana: kabla hujalaumu dereva, kaa kwenye kiti chake. Wanadhani nimesoma kwenye kitabu.

Mwambie Mama Mdogo namwinamia mpaka chini. Na waya ule ulinunua wa aina gani? Upake mafuta kila miezi mitatu, uandike kwenye maoni.

Kuna jambo ambalo na mimi sikukwambia. Ulinificha goti, mimi nilikuficha hili. Tangu baba afariki, kila asubuhi kabla sijavaa viatu nasimama kwa mguu wa kushoto peke yake, kando ya kitanda, nahesabu hadi thelathini. Nikiyumba kwenye ishirini siku yangu imeharibika. Miaka mitatu, sijamwambia mtu. Watu wanaona bosi, nyusi juu, kumbe nimeanza siku kama korongo. Ndiyo maana nilikuuliza la sita kwa ukali vile. Nilikuwa nakuuliza wewe na kujiuliza mimi.

Leo nimeamka, nimenawa, nimevaa, nimetoka. Nilikuwa nimeshafika karakana, nimewasha mashine mbili na kumgombeza mtu mmoja, ndipo nikakumbuka kwamba sikusimama.

Mwanao,
Spana